Mvua Inakuja: Nyanza na Muziki Usio na Haraka

Mwaka 1974 ilitoka diwani nyembamba iliyoitwa Kichomi. Mtunzi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na mji wa Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapenzi wengi wa ushairi waliifungua diwani hiyo wakivitafuta vina na mizani, na wasivione. Mzozo uliofuata hauhitaji kusimuliwa upya kwa wasomaji wa pwani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuweka kaida za fani hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na waliolelewa katika kaida hizo waliuliza: vikiondolewa vina na mizani, kinabaki nini kinachostahili kuitwa shairi?

Mwaka mmoja baadaye swali la namna hiyo lilizuka mbali sana na Ukerewe, na safari hii upande wa muziki. Januari 1975 mwanamuziki wa Kiingereza, Brian Eno, aligongwa na teksi mjini London, akawa amelala nyumbani akiuguza majeraha. Rafiki alimletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Mgeni alipoondoka, mgonjwa aliinuka kwa taabu, akaiweka santuri, akarudi kitandani. Ndipo alipotambua kwamba sauti iko chini mno na kwamba spika moja haifanyi kazi. Nguvu ya kuinuka tena hakuwa nayo. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na kinubi kikawa kinasikika kwa mbali tu, kikichanganyika na mvua na mwanga wa chumba. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku ile alijifunza namna mpya ya kusikiliza. Mwaka huohuo alitoa santuri ya Discreet Music, na mwaka 1978 akaurekodi muziki uliokusudiwa kupigwa katika viwanja vya ndege, ndio uliompa jina la ambienti.

Ufundi wake haukuwa wa siri. Sauti chache, nyingine za waimbaji walioshika noti moja moja, zilirekodiwa katika tepu zilizounganishwa ncha kwa ncha, kila tepu na urefu wake. Kwa kuwa duru zao hazilingani, sauti hukutana na kuachana bila ya kurudia mpangilio uleule kwa muda mrefu. Hakuna ngoma wala kiitikio, na msikilizaji hahimizwi kwenda popote. Wazo la muziki usiodai kuketiwa mbele halikuwa geni kabisa Ulaya. Mfaransa Erik Satie alilitania mwaka 1917 alipotunga alichokiita muziki wa fanicha. Katika miaka ya 1990 mkondo huo ulipata ndugu, muziki wa mashine wenye mapigo ya polepole, uliosikika Bristol kwa kundi la Massive Attack, na katika kisiwa cha Ibiza, ambako mkahawa wa Café del Mar ulipata sifa kwa kuupiga wakati wa machweo mbele ya bahari.

Waliousikia kwa mara ya kwanza mara nyingi walitoa hukumu ileile iliyotolewa kwa Kichomi: huu si muziki, ni sauti tupu. Hata hivyo, msikilizaji wa taarab asiwe na haraka ya kukubali. Anaijua taksimu. Kabla ya kundi zima kuingia, mpiga ganuni au udi huachiwa nafasi peke yake, akaitafuta njia ndani ya makamu bila ya mapigo yanayohesabika, na ukumbi humtulizia. Hakuna aliyewahi kusema kwamba katika dakika zile muziki haujaanza.

Kutoka hapo ni vyema kurudi Ziwani, kwani neno lenyewe kugundua lina historia yake huko. Mnamo Agosti 1858 John Hanning Speke aliyaona maji makubwa akiwa karibu na mahali uliposimama mji wa Mwanza leo, akayapa jina la malkia wake, na vitabu vya kwao vikaandika kwamba ziwa limegunduliwa. Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, Wahaya na Wajaluo walikuwa wakivua ndani yake kwa vizazi vingi. Ugunduzi wa aina hiyo si uongo kwa aliyekuja kuona mara ya kwanza, lakini ni habari inayomhusu yeye zaidi kuliko inavyolihusu ziwa. Habari za muziki tulivu zinafaa kupimwa kwa mizani hiyohiyo.

Mwanza yenyewe haina sifa ya ukimya. Usukuma ni nchi ya ngoma kubwa. Huko Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya mji, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padri David Clement katika miaka ya 1950 yanahifadhi ngoma za watemi, na sikukuu ya Bulabo hukusanya vikundi vya Bagika na Bagalu, pande mbili zinazoshindana tangu karne ya 19. Katika ushindani huo kikundi hupimwa kwa watu kinaowavuta: anayeujaza uwanja upande wake ndiye mshindi. Ni vigumu kufikiria muziki ulio mbali zaidi na ule uliotungwa ili mtu aweze hata kuusahau.

Lakini ngoma haikuwa sauti pekee ya Ziwa. Msomaji wa pwani akisikia neno nanga hufikiria chuma kinachokizuia chombo kisichukuliwe na maji. Ukerewe, na ng'ambo ya pili Uhayani, enanga ni ala: ubao uliochongwa mfano wa hori, na uzi mmoja mrefu unaopitishwa huku na huko katika meno ya ncha zake mpaka unakuwa safu ya nyuzi. Sauti yake si kubwa. Haiwezi kushindana na ngoma wala na uwanja wa watu. Humlazimu msikilizaji asogee na anyamaze. Ilipigwa mbele ya watawala, na kwa Wahaya ilibeba tendi ndefu za mashujaa, zikiwamo za Rukiza, za Kachwenyanja, na za Mugasha, mwenye enzi ya Ziwa na dhoruba. Profesa M. M. Mulokozi, aliyezifanyia tendi hizo utafiti wa shahada ya uzamivu uliokamilika mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye yuleyule aliyeshirikiana na K. K. Kahigi kuitoa Malenga wa Bara mwaka 1976, diwani nyingine iliyoingizwa katika mzozo wa vina na mizani. Waliotuhumiwa kuiga Wazungu walikuwa wametoka katika nchi ambayo utendi wake ulifuata pumzi ya msimulizi na mwendo wa nyuzi, bila ya kungojea vina.

Upande wa kaskazini mashariki wa Ziwa, kwa Wajaluo wa Kenya na wa Mara, kuna nyatiti, kinubi cha nyuzi nane. Mpigaji huketi chini karibu na ardhi, na kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu hugonga ukingo wa ala, hivyo mtu mmoja huwa mpiga nyuzi, mpiga ngoma na mwimbaji. Sauti za pwani hizi hazikukaa mahali pamoja; kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliiunganisha Kisumu na Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda, ikichukua abiria pamoja na nyimbo zao.

Katika miaka ileile ambayo Eno alikuwa kitandani, kundi la Black Savage la Nairobi lilirekodi wimbo uitwao Kothbiro, yaani mvua inakuja. Miongoni mwa vijana wake alikuwamo Job Seda, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ayub Ogada. Mwaka 1986 alihamia London na nyatiti yake, akawa akiipigia wapita njia katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Mwaka 1993 santuri yake En Mana Kuoyo, maana yake ni mchanga tu, ilitolewa na kampuni ya Real World, na ndani yake Kothbiro iliimbwa upya kwa nyuzi zinazojirudia taratibu na sauti isiyopazwa. Mwaka 2005 wimbo huo ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, na wasikilizaji wengi wa muziki tulivu, Ulaya na kwingineko, waliukuta huko wakauweka pamoja na nyimbo zao za kupumzikia. Mwaka 2018 kipande cha rekodi ya zamani ya Black Savage kilitumiwa na Kanye West katika wimbo wake Yikes. Ogada alifariki mwaka uliofuata, karibu na Kisumu.

Hapa ndipo penye mzigo wa jambo lote. Kwa mtu wa Nyanza, Kothbiro haikuwa sauti ya kulalia. Ni habari: mvua inakaribia, na ng'ombe hawana budi kurejeshwa nyumbani. Sauti tulivu ya Ziwa ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na wakati wake. Nanga ilikuwa na mtawala aliyesifiwa au kuonywa, na nyatiti ilikuwa na msiba au karamu iliyoiita. Mashine ilichukua utulivu na kuuacha wakati. Kilichopotea njiani si noti, kwani zote zimo katika rekodi. Kilichopotea ni sababu ya kunyamaza.

Na kunyamaza huko Mwanza kuna uzito ambao mkahawa wa machweo hauujui. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Wengi walizikwa Igoma. Tangu siku hiyo maji yaliyotulia mbele ya mji si mandhari ya mapumziko tu kwa mtu aliyempoteza ndugu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika mji huo methali hiyo haisomwi kama pambo la lugha.

Haifai, hata hivyo, kuihukumu mashine kwa kosa la ramani. Mwaka 2002 Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na limba wa Kigogo, alitoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa aliyewahi kufanya kazi na Eno; Zawose alifariki mwishoni mwa mwaka 2003, na mwaka 2017 mwanawe Msafiri akatoa Uhamiaji, ambamo ala za Kigogo na mashine zinazungumza. Halafu akaja kijana wa Nairobi, Joseph Kamaru, ajiitaye KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu mwenye jina hilohilo. Mwaka 2020 alitoa Peel, kazi ndefu isiyo na mapigo, iliyofumwa kwa sauti alizozirekodi mwenyewe katika mazingira. Mwaka 2022 katika Temporary Stored alizigeukia rekodi za zamani za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Swali lake lilikuwa bayana: sauti hizi zilizochukuliwa, zinamngoja nani?

Swali hilo linafika Mwanza moja kwa moja. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akazirekodi nyimbo za makabila mengi, na hazina hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoiasisi mwaka 1954. Bila yeye mengi yangalipotea. Lakini kijana wa Kirumba au Nansio mwenye kompyuta leo huweza kuupata muziki wa Ibiza kwa kubonyeza mara moja, na akasafiri mbali sana kabla ya kuipata nanga ya kisiwa kinachoonekana kwenye ramani mbele ya mji wake. Wengi wa rika lake wamechagua singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika, na hawana kosa. Yule mmoja anayeutafuta mwendo wa polepole ndiye aliye katika hatari ya kudhani kwamba anatafuta kitu cha wageni.

Kezilahabi alifariki Januari 2020, miezi michache kabla ya Peel kutoka. Wakati huo ushairi huru ulikwisha kufundishwa madarasani pamoja na tungo za kimapokeo, na swali la kama ni shairi au si shairi lilikuwa limepoteza makali yake. Swali la kama muziki usio na mapigo ni muziki nalo litachakaa vivyo hivyo. Litakalobaki ni lile la nyatiti: nani anasikiliza, na akisha kusikia atafanya nini. Wapigaji wa nanga wanazidi kupungua, na chombo cha kurekodia kimo sasa katika mfuko wa kila kijana. Atakayekwenda kuketi mbele ya mzee, akaandika jina lake, jina la utenzi, mahali na sababu ya kupigwa kwake, ndipo akairudia mashine yake, atakuwa ameichukua sauti pamoja na wakati wake. Kothbiro haikutungwa ili watu waifurahie mvua wakiwa wamelala. Ilimtaka aliyeisikia anyanyuke, kwa kuwa ng'ombe bado wako malishoni.