Mtu, Omuntu, Umuntu: Safari ya Neno Fupi



Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja kutoka Rwanda aliandika katika insha kwamba kamusi yake aliipata "kwa utu". Tulipomwuliza ni nani aliyemfanyia wema huo, akacheka. Alitaka kusema bure. Kwao ku buntu ni bila malipo, na ubuntu ni ukarimu. Kosa lake lilitufanya tulitazame upya neno mtu, ambalo tunalifundisha wiki ya kwanza kisha tunalisahau.

Shina lake ni -ntu. Waganda, Wanyankole na Wahaya husema omuntu, Wanyarwanda na Warundi umuntu, Wakikuyu mũndũ, Washona munhu, na Wazulu umuntu. Walingala husema moto, na hapo Mswahili aliyefika Kinshasa ajihadhari, kwa maana mtu na moto uwakao hutofautishwa kwa toni na irabu tu. Kiswahili kwa upande wake kiliangusha sauti ya n mbele ya t, kama vile enkoko ya Luganda ilivyo kuku kwetu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "muntu" ubaoni tusimcheke. Ameifufua sauti ambayo Kiswahili kiliipoteza.

Badilisha kiambishi, na maana hubadilika. Ekintu ya Luganda ni kitu chetu (na Kintu, bila irabu ya mwanzo, ndiye mtu wa kwanza katika masimulizi ya Buganda, mume wa Nambi). Obuntu yaweza kuwa vitu vidogo vidogo, lakini obuntubulamu ni utu hasa. Padri Alexis Kagame wa Rwanda aliligeuza jambo hili kuwa falsafa: katika kitabu chake cha 1956 alivigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne, yaani muntu, kintu, hantu na kuntu. Kuna wanaomwona alipita kiasi kujenga falsafa juu ya ngeli. Sisi tunamshukuru kwa hilo la tatu. Luganda ina awantu na Kinyarwanda ahantu, lakini Kiswahili kimelipoteza neno hilo na kuazima mahali kutoka Kiarabu. Ngeli yenyewe haikupotea. Ndiyo maana tunasema mahali hapa pazuri, na mwanafunzi anauliza hiyo pa imetoka wapi ilhali neno linaanza na ma.

Sasa tuje kwenye wingi, na hapa ndipo neno lilipopata mashaka. Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyefanya kazi Cape Town, alilitumia neno Bantu, yaani watu, kuwa jina la familia ya lugha katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862. Lilikuwa jina la lugha. Lakini serikali ya makaburu Afrika Kusini ililichukua likawa jina la rangi, na Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953 iliwapa watoto Waafrika elimu duni kwa makusudi. Hebu fikirini: neno lenye maana ya watu likatumika kuwanyima watu haki yao. Shina lilelile lilirudi kwa sura nyingine mwaka 1995, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilipofuta adhabu ya kifo, na majaji wakataja ubuntu katika hukumu yao.

Huku kwetu Uganda mambo hayakufika huko, ila mabaki yapo. Tunasikia darasani, "Sisi Wabantu tutakishika Kiswahili upesi, wale wa kaskazini watapata taabu," kana kwamba ngeli zimo damuni. Mwaka huu binti mmoja kutoka Gulu alituuliza waziwazi kama Kiswahili ni chake, maana kwao mtu ni dano. Tulimjibu kwamba Bantu ni jina la lugha, na kwamba watoto wengi wenye lugha kama yake huko Kisumu hukisema Kiswahili tangu utotoni. Hakuridhika mara moja, nasi hatukumlaumu. Juma lililofuata alileta zoezi la upatanisho wa kisarufi, na sentensi zake zote za mahali zilikuwa sahihi. Wabantu watatu wa safu ya mbele walikuwa wameandika "mahali hii".