Maji ya Usiku wa Munyonyo

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Roma, alilitazama kisima cha ubatizo na kuona ndani yake kaburi. Anayeshuka majini anazikwa pamoja na Kristo. Anayetoka anatoka akiwa mtu mwingine, na dhambi haina tena haki ya kumwamuru. Tuzingatie kwamba Paulo anaisema dhambi kama bwana mwenye watumwa. Sisi tuliozaliwa pwani na bara hatuhitaji mfafanuzi wa mfano huo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kilijengwa kijiji cha watu waliokombolewa. Mtumwa aliyekombolewa hakuwa na deni tena kwa bwana wake wa kale. Angeweza kukutana naye njiani, hata kumwogopa kwa mazoea, lakini bwana yule hakuwa tena na amri juu yake.

Katika karne ya nne, Askofu Sirili wa Yerusalemu aliwaeleza waliobatizwa karibuni maana ya mambo waliyoyatenda usiku ule. Walisimama kwanza wakielekea magharibi, upande wa giza, wakanyosha mkono na kumkana Shetani kana kwamba yuko mbele yao. Kisha wakageuka mashariki, jua linakotoka, wakaungama imani. Baada ya hapo wakazamishwa mara tatu. Mwili mzima ulishiriki katika kugeuka huko. Leo tunapozirudia ahadi zetu za ubatizo katika Mkesha wa Pasaka, wengi wetu tunazijibu huku tukihangaika na mshumaa usizimike.

Tuitazame sasa Buganda. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mababa Weupe, uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Padre Simeoni Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, pamoja na Bruda Amans, walifika pwani ya ziwa huko Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Jumamosi Kuu ya mwaka uliofuata, tarehe 27 Machi 1880, walibatizwa wakatekumeni wanne wa kwanza. Ukihesabu, ni mwaka mmoja na wiki chache tu. Lakini Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na sheria nyingine: ukatekumeni wa miaka minne mizima, miwili ya maandalizi ya mwanzo na miwili ya ukatekumeni wenyewe.

Wapo waliosema, na wapo wasemao hata leo, kwamba sheria hiyo ilikuwa kali mno. Nijuavyo mimi, Kardinali aliufahamu moyo wa mwanadamu. Mafundisho yaweza kushikwa kwa kichwa katika miezi michache. Kuacha bwana mmoja na kumzoea mwingine ni kazi ya muda mrefu. Mtsaguso wa pili wa Vatikano uliporudisha ukatekumeni wa hatua kwa hatua mwaka 1963, ulirudisha desturi ya kale ambayo misioni zetu za Afrika zilikuwa zimekwisha kuionja. Nasema haya nikiwafikiria wale wanaofika ofisini kwa paroko wiki tatu kabla ya harusi, wakitaka cheti. Katekista anayewakubalia kwa huruma hajawahurumia.

Matia Mulumba alikuwa mtu mzima mwenye cheo aliyekwisha kuutafuta ukweli katika Uislamu na kwa Waprotestanti kabla ya kuwafikia mapadre mwaka 1880. Alibaki na mke mmoja, akabatizwa mwezi wa Mei 1882. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wamisionari walilazimika kuondoka Buganda, nao hawakurudi hadi Julai 1885. Karibu miaka mitatu bila padre! Hakuna Misa, hakuna kitubio. Na bado waliobatizwa wachache waliendelea kufundishana na kusali. Aliyeongoza vijana ikuluni ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, naye aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 kwa sababu alimkemea Kabaka Mwanga, hasa kwa kumwua Askofu Hannington wa Kianglikana na kwa kuwaharibu vijana wa ikulu.

Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi yake, alibatizwa pamoja na wakatekumeni wengine waliokimbilia misioni. Walijua vema kilichompata kiongozi wao. Waliomba maji wakati ambapo maji yalikuwa na bei ya damu.

Ikaja tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo kando ya ziwa. Mwanga alirudi kutoka mawindoni akiwa na hasira, akagundua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mwana wa Katikiro. Ghadhabu yake iliwaka. Malango yakafungwa, na hakuna padre aliyeweza kuingia. Usiku ule Lwanga, Mkristo wa miezi sita tu, aliwabatiza wakatekumeni wanne: Mbaga Tuzinde, Gyavira, Mugagga, na Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne, ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa amemsumbua sana Padre Lourdel akiomba ubatizo. Makatekista, mnalijua fundisho hili na mlifundishe: katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa aweza kubatiza, kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Asubuhi waliosali waliamriwa wajitenge na wengine. Wakajitenga.

Je, usiku ule uliwaondolea hofu? Sidhani. Kanisa linafundisha kwamba ubatizo hufuta dhambi ya asili na dhambi zote, lakini elekeo la dhambi hubaki ndani yetu, na tutapigana nalo mpaka kufa. Mbaga ni shahidi. Mnyongaji mkuu, Mukajanga, ndiye aliyekuwa baba yake mlezi. Alimsihi kijana akane imani, au akubali tu kufichwa. Hapa kishawishi hakikuja kwa sura ya uovu. Kilikuja kwa sauti ya baba mwenye machozi. Mbaga alikuwa Mkristo wa siku nane. Alikataa. Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, huko Namugongo, alipigwa shingoni ili asiusikie moto, na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa wakiwa hai. Lwanga alikuwa amekwisha kutengwa nao na kuchomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, akawakumbuka pia ndugu zao Waanglikana waliokufa kwa jina lile lile la Kristo.

Mwanga alipinduliwa mwaka 1888. Akakimbilia kusini mwa ziwa, na waliompokea Bukumbi, karibu na Mwanza yetu, ni Mababa Weupe wale wale aliokuwa amewaulia wana wao. Alirudi kwenye kiti chake, akapigana na Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni visiwa vya Shelisheli. Huko, mbali na ikulu na wanyongaji wake, aliomba ubatizo katika Kanisa la Kianglikana, akaitwa Danieli. Kanisa letu linautambua ubatizo huo. Maji ni yale yale, na Jina ni lile lile alilolitaja Lwanga gizani Munyonyo. Alifariki mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake ulirudishwa Buganda ukazikwa Kasubi.