Kahawa ya Kutafuna na Kahawa ya Kunywa

Karagwe na Kyerwa ni nchi ambako kahawa ilitafunwa vizazi vingi kabla ya kunywewa. Robusta ni mti wa asili katika ukanda huu wa magharibi ya Ziwa Victoria. Matunda yake huchumwa yangali mabichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni akishaketi, hupewa punje chache. Huzitafuna polepole, uchungu wa kahawa ukichanganyika na harufu ya majani, na mazungumzo huanza. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, wanaishiriki mila hii na jirani zao Wahaya, na mjini Bukoba kahawa hiyo bado huuzwa katika vifurushi vidogo kwa wasafiri. Tukiiweka kando ya mila za kahawa za nchi nyingine, tunaweza kuuliza maswali mawili: katika tendo dogo kama hili la kila siku, ubunifu hukaa wapi? Na anayeshukuru ni nani?

Mila inayofanana nayo zaidi iko mbali kidogo, kusini mwa Ethiopia. Huko Waoromo wana buna qalaa, yaani matunda mazima ya kahawa yanayopikwa katika siagi na kuliwa. Mbuni wao ni arabika, wa Karagwe ni robusta. Miti ni tofauti, lakini pande zote mbili watu waliiona kahawa kuwa chakula cha heshima kabla ya kuwa kinywaji. Tofauti iko katika mwelekeo wa tendo lenyewe. Kwa Waoromo, buna qalaa huambatana na dua: kahawa hushika nafasi ya mnyama wa kuchinjwa, na wazee huomba mvua, uzazi na amani kwa wote. Katika nchi za magharibi ya ziwa, kahawa ilielekezwa kwa mtu aliyeketi mbele yako. Hata ilipotumika katika jambo zito kama udugu wa damu, ilifunga watu wawili: tunda moja lenye punje mbili lilifunguliwa, kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Huko dua ilikusanya jamii nzima chini ya Mungu. Huku tunda moja liliwafanya watu wawili wasiozaliwa pamoja kuwa ndugu. Hakuna uzito uliopungua upande wowote.

Sehemu nyingine za Ethiopia zimeikuza kahawa ya kunywa hadi ikawa sherehe. Buni mbichi huoshwa na kukaangwa mbele ya wageni, moshi wake ukapitishwa ili kila mmoja aunuse. Hutwangwa, huchemshwa katika jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu, huku ubani ukifukizwa. Kisha humiminwa mara tatu, abol, tona na bereka, na mzunguko wa tatu huhesabiwa kuwa wa baraka. Aliyeondoka baada ya kikombe cha kwanza hajakaa. Hapa kazi yote hufanyika machoni pa mgeni, na muda wenyewe ndio zawadi. Kwa Mnyambo kazi hutangulia. Mgeni haoni moto wala majani, huona punje zilizo tayari. Mama wa Ethiopia humpa mgeni saa ambayo wote wawili wanaiona ikipita. Mama wa Karagwe alikwisha kumtolea saa yake siku nyingi nyuma, kabla hajajua ni nani atakayebisha hodi.

Oman ni tofauti tena. Kahawa yake yenye iliki hutolewa pamoja na tende au halua. Mhudumu hushika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto na kumpa mgeni finjani kwa mkono wa kulia. Humimina kidogo tu, na huongeza kadiri mgeni anavyotaka, mpaka mgeni atikise finjani kuonyesha kwamba ametosheka. Kinachoheshimiwa hapa ni kipimo: mkono upi, kiasi gani, nani aanze. Mila hii haikuwa ngeni kabisa Karagwe. Wakati wa mfalme Rumanyika, wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, na msafiri Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta huko Ahmed bin Ibrahim, mmoja wa waliotangulia kufika Buganda. Watu wa finjani waliishi katika nchi ya watu wa kutafuna, na kila upande ulikuwa na adabu yake kamili.

Unguja kahawa imetoka sebuleni ikaenda barazani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo, pengine na kashata, huku dhumna zikigongwa na siasa zikijadiliwa. Mnywaji hulipa mwenyewe, kwa hiyo haionekani haraka nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Ustadi umehamia kwenye maneno: kujibu mzaha kwa mzaha, kupinga hoja bila kumvunjia mtu heshima. Karagwe, Addis Ababa na Muscat zimeweka sanaa katika namna ya kutoa kahawa. Unguja imeiweka katika yale kahawa inayoyafungulia mlango.

Pamoja na tofauti zote hizo, kuna jambo moja linalozishika pamoja. Tumezoea kudhani kwamba shukrani ni deni la anayepokea. Katika mila za kumkaribisha mgeni, anayeshukuru kwanza ni anayetoa. Methali ya Kiswahili imelisema hilo zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Punje za Karagwe, mizunguko mitatu ya Ethiopia na finjani ya Oman ni namna za mwenyeji kushukuru kwamba amefikiwa. Na kwa kuwa neno la asante hutoka upesi, kila jamii imelitafutia kazi ya mikono itakayolipa uzito.

Hapo ndipo ubunifu unapoingia. Aliyejifunza kwa mama yake namna ya kuchemsha kahawa hakubuni mila, aliipokea. Hata hivyo kila sufuria humtaka aamue upya: majani yapi, moto kiasi gani, lini jua limetosha. Mila humpa mpaka, na ndani ya mpaka huo uangalifu wake humfanya awe msanii. Anayetafuta ubunifu katika mambo mapya peke yake ataipita nyumba ya msanii huyo bila kuona kitu.

Leo kahawa ya wilaya hizi mbili ni kwanza zao la fedha. Chama kikuu cha ushirika cha KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, huhudumia Karagwe na Kyerwa pamoja, ingawa Kyerwa imekuwa wilaya inayojitegemea tangu 2012. Fedha hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba, nayo inastahili heshima. Lakini iko pia butura: mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya anayemkopesha. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, nayo hudumu kwa sababu shida haisubiri mavuno. Matunda mabichi yaleyale yana njia mbili. Kwa mila, huchumwa mapema kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika. Kwa butura, huwa mali ya mtu mwingine kabla hayajaiva. Shida inapomlazimisha mtu kuachia zao lake hivyo, humnyima pia uwezo wa kutoa, na asiye na cha kutoa amefungiwa mlango mmoja wa kushukuru.

Kwa hiyo bei ya haki na mkopo usionyonya ni sehemu ya kuilinda mila hii, sawa na kuwafundisha vijana majani ya kuchemshia. Kijana wa Kayanga, Karagwe, au wa Nkwenda, Kyerwa, akijifunza kuandaa kahawa ya mashine, amejiongezea ujuzi mwema. Asiambiwe tu kwamba hapo ndipo utamaduni wa kahawa unapoanza. Nyumbani kwao upo mmoja wa kale, unaoweza kukaa kando ya jebena na dele kama ndugu wa rika moja, na mchango wake kwa ndugu hao ni fundisho la kushukuru mapema: kumwandalia mtu heshima yake kabla hujamjua jina.