Chanjo ya Korona Dar es Salaam: Ilivyotoka Uwanja wa Ndege Hadi Sokoni, na Somo Lake Kwetu



Wengi mmezoea kusoma hapa habari za mbegu, mbolea na magonjwa ya kuku. Leo naleta historia, na utaona inahusu kazi yetu. Tunapopita Chamazi, Toangoma, Bunju au Mabwepande kuhimiza chanjo ya kideri, tunaulizwa maswali yanayofanana sana na yale ya mwaka 2021 wakati wa chanjo ya UVIKO-19. Mbona ya bure? Imetoka wapi? Mbona fulani alichanja na bado akaugua? Anayeuliza hivyo si mjinga. Anataka kujua kabla hajatoa mkono wake, au kuku wake. Basi tuangalie kilichotokea, maana somo lake litatufaa siku chanjo nyingine itakapobisha hodi.

Miezi ya ukimya

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Shule na vyuo vikafungwa, na hapa Dar es Salaam Hospitali ya Amana ikatengwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona. Masoko hayakufungwa, na kwa mtu anayekula alichouza leo, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Lakini kufikia Mei 2020 takwimu ziliacha kutolewa. Za mwisho zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi huo Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara, akisema hata sampuli za papai na mbuzi zimeonyesha korona. Juni akatangaza kuwa nchi imeshinda ugonjwa. Watu wakashika kilichokuwa karibu: maombi, tangawizi, limau na nyungu ya kujifukiza.

Ugonjwa nao haukusubiri takwimu. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tahadhari kwa waumini. Mwezi huo huo, tarehe 27, Rais akiwa Chato alisema chanjo za nje si za kukimbilia, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Februari 17 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeutangazia umma kwamba ana korona. Machi 17 alifariki Rais Magufuli mwenyewe. Serikali ilisema chanzo ni ugonjwa wa moyo. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan akaapishwa.

Naeleza haya kwa sababu moja. Mtu aliyeambiwa kwa karibu mwaka mzima kwamba ugonjwa umekwisha na chanjo ina mashaka, hageuki kwa wiki moja. Shaka ilipandwa juu, ikaota mizizi mtaani.

Wimbi la tatu na dozi milioni moja

Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu. Mei 2021 kamati ikashauri takwimu zianze kutolewa tena na nchi ijiunge na COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo. Juni 28, akizungumza na wahariri, Rais alisema wagonjwa ni zaidi ya 100 na kati yao 70 wako kwenye oksijeni. Namba hiyo inaweza kuonekana ndogo, lakini ilikuwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka mwananchi kusikia namba kutoka juu.

Julai 24, 2021 dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, inayotengenezwa na Johnson & Johnson, zilitua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Zilikuwa msaada wa Marekani kupitia COVAX. Julai 28 Rais alichanjwa mbele ya kamera Ikulu, Dar es Salaam, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa naye akachanjwa. Waliopewa nafasi ya kwanza ni watumishi wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu kama kisukari na shinikizo la damu. Chanjo ilikuwa ya hiari.

Ungedhani dozi milioni moja zingeisha haraka katika nchi ya watu karibu milioni 60. Hazikuisha. Miezi miwili ikapita zingine zikiwa bado kwenye majokofu, na hayo ni majira ambayo wimbi la tatu lilikuwa linaua.

Kwa nini watu hawakwenda

Jibu la haraka ni uvumi, na kweli ulikuwepo mwingi: chanjo inaua uzazi, imewekewa kifaa cha kukufuatilia, aliyechanja hatamaliza miaka miwili. Mbunge wa Kawe wakati huo, Askofu Josephat Gwajima, aliipinga chanjo hadharani kanisani kwake. Agosti 31 Bunge likamwadhibu asihudhurie mikutano miwili. Adhabu hiyo ilimhusu yeye. Muumini aliyemsikiliza alibaki na swali lake lile lile mkononi.

Uvumi peke yake hautoshi kueleza. Yako mambo mengine matatu ambayo mkulima anayafahamu vizuri.

La kwanza ni muda. Anayelima mchicha Chamazi huvuna mapema ili mzigo ufike Temeke Stereo wanunuzi wakiwa wengi. Saa ambazo kituo cha afya kinafanya kazi ndizo saa zake za kuuza. Kwenda kukaa kwenye foleni ni kupoteza mauzo ya siku, na mchicha haulali. Chanjo ilikuwa bure, ila siku yake haikuwa bure.

La pili ni chupa. Kichupa kimoja cha Janssen kilikuwa na dozi tano, na kikishafunguliwa kilitakiwa kitumike ndani ya saa sita. Muuguzi akiona amefika mtu mmoja, angefungua chupa akihofia kumwaga dozi nne? Sisi wafugaji tunalijua hilo. Kichupa cha chanjo ya kideri hutosha kuku wengi, ndiyo maana tunawaambia majirani mjipange mchanje siku moja.

La tatu ni kuchelewa kwa kinga. Baada ya kuchanjwa, mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga. Ukichanja katikati ya mlipuko, wapo ambao tayari wamebeba ugonjwa bila kujua. Wataugua siku tatu baadaye na mtaa mzima utasema chanjo ndiyo iliyowaumiza. Kuku wanafanya hivyo hivyo. Mfugaji anayeita mchanjaji baada ya kuona kuku watatu wamejikunyata na kuharisha kijani, kesho akizika kumi atailaumu chanjo. Chanjo ni ya mzima, haikuwekwa kuwa tiba.

Yalikuwepo pia maudhi ya kweli: mkono kuuma, homa, uchovu wa siku moja au mbili. Kwa watu wachache sana, Janssen ilihusishwa na damu kuganda. Hili lilitakiwa kusemwa wazi tangu mwanzo, pamoja na ukweli kwamba korona yenyewe huua watu wengi zaidi. Anayekuficha dogo, kubwa utamwamini vipi?

Ilipomfuata mtu alipo

Mwelekeo ulibadilika Serikali ilipoanzisha Mpango Shirikishi na Harakishi, miezi ya mwisho ya 2021. Badala ya kumsubiri mtu hospitalini, wachanjaji walitoka: sokoni, stendi, misikitini, makanisani, kwenye mikutano ya mtaa, na baadaye nyumba kwa nyumba. Viongozi wa serikali za mitaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakawa ndio wanaotangulia. Oktoba ilifika chanjo ya Sinopharm, ya dozi mbili, kisha Pfizer.

Mama lishe akauliza swali lake bila kuacha sufuria. Aliyemjibu ni mtu anayemjua kwa jina, ambaye kesho atamkuta pale pale ikiwa kuna tatizo. Hiyo ndiyo tofauti.

Matokeo yalionekana. Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa hawafiki watano katika kila Watanzania mia moja. Kufikia Aprili 2023 walikuwa wamepita nusu. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa dharura ya UVIKO-19.

Sasa tazama tarehe hizo vizuri. Kinga iliwafikia wengi baada ya wimbi kali la 2021 kupita. Wapo waliozikwa Julai na Agosti mwaka ule ambao chanjo ilikuwa tayari iko mjini, kilomita chache kutoka walipolala. Hiyo ndiyo gharama ya ukimya na ya huduma isiyomfuata mtu, na hakuna takwimu ya 2023 inayoirudisha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba njia hii haikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadili na kuamua wenyewe, nao wakachimba vyoo kwa mikono yao. Mwaka 1975 ulianza mpango wa taifa wa chanjo za watoto, na leo mama hahitaji kubembelezwa kupeleka mtoto kliniki. Hata sotoka, iliyomaliza ng'ombe wa nchi hii miaka ya 1890, dunia iliitangaza kuwa imetokomezwa mwaka 2011, baada ya wachanjaji kuwafuata wafugaji hadi malishoni.

Ufanye nini chanjo ijayo ikija

Iwe ya mtoto, ya mtu mzima au ya mifugo, shika haya:

1. Uliza maswali manne: inazuia nini, kinga inaanza lini, maudhi yake ni yapi, nikipata tatizo nimwone nani. Mchanjaji anayejua kazi yake hatakasirika.
2. Chanja kabla ya mlipuko, ukiwa mzima. Kwa kuku, kideri rudia kila baada ya miezi mitatu, usingoje vifo.
3. Jipangeni kwa kikundi. Viongozi wa soko na wa vikundi vya wakulima, ombeni timu ije sokoni kwa saa zenu. Mkiwa wengi, chupa haimwagwi na siku haipotei.
4. Tunza kadi yako. Ndiyo kumbukumbu yako ya dozi, tarehe na aina ya chanjo.
5. Ujumbe wa kutisha ukikufikia kwenye simu, usiusambaze kabla hujamuuliza mhudumu wa afya wa mtaa wako, au mtaalamu wa mifugo kama ni habari ya mifugo.
6. Wewe kiongozi, ukijua jambo baya liseme mapema. Watu huvumilia habari mbaya, ila wakigundua walifichwa hata habari njema hawataipokea.

Mgonjwa, mjamzito au mwenye mzio aongee na mhudumu wa afya kwanza kabla ya chanjo yoyote.

Wiki ijayo tutarudi shambani: namna ya kuhifadhi chanjo ya kideri kwenye nyumba isiyo na jokofu. Nakutakia kazi njema.