Jinamizi la Chumba cha Mahututi Lisikilizwe

Mgonjwa aliyekwisha kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia husimulia mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Alitekwa. Muuguzi alikusudia kumtilia sumu. Kitanda kilikuwa ndani ya treni iendayo asikokujua. Jibu alipewalo mara nyingi ni kwamba hizo zilikuwa dawa tu. Lina ukweli ndani yake, lakini linamnyima mgonjwa maelezo anayoyahitaji kuliko faraja.

Dawa hizo, kama midazolamu na propofoli, hazimpi mtu usingizi wa kawaida. Humtuliza asipambane na mashine, wakati huohuo zikivuruga mpangilio wa usingizi wenyewe. Maumivu, ving'ora vya mashine, kufyonzwa makohozi, mikono iliyofungwa kitandani: vyote vinaweza kumfikia, ila bila maelezo. Akili hutunga kisa kutokana na hicho kilichoifikia. Aliyefungwa mikono hujiona mateka. Aliyewekewa mpira wa mkojo anaweza kuzinduka akiamini amenajisiwa. Kwa hiyo jinamizi si upuuzi. Mara nyingi ni kumbukumbu ya tendo la kweli la kitabibu, iliyopotoka kwa kuwa hakuna aliyemweleza mwenye mwili.

Mwaka 2001, nchini Uingereza, Christina Jones, Richard Griffiths na wenzao walionyesha kwamba waliotoka na njozi za kutisha bila kumbukumbu yoyote ya tukio la kweli ndio waliokuwa hatarini zaidi kupata dalili za kiwewe baadaye. Matokeo hayo yanatikisa imani kwamba kumzamisha mgonjwa kabisa ni kumhurumia. Huko Chicago, John Kress na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2000 kwamba kusitisha dawa kila siku hadi mgonjwa azinduke kulifupisha muda wa mashine kutoka siku 7.3 hadi 4.9. Walipowafuatilia baadhi ya wagonjwa hao, waliokuwa wakiamshwa hawakuwa wameumia zaidi kisaikolojia.

Dawa hizi bado ni za lazima kwa wengi, na simlaumu anayezitoa. Ninachopinga ni ukimya unaozifuata.

Wauguzi wa Skandinavia walianza zamani kumwandikia mgonjwa shajara ya siku asizozijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha hospitali 12 za Ulaya na wagonjwa 352, ulikuta ugonjwa mpya wa kiwewe kwa asilimia 5 ya waliopewa shajara, na 13 ya wenzao. Kisha mwaka 2019 utafiti wa wodi 35 za Ufaransa haukuona tofauti ya maana. Wapo watakaosema shajara imeshindwa. Mimi nasema imepimwa kama dawa, ilhali kwanza ni haki: mtu kujua alichofanyiwa hakuhitaji kusubiri takwimu.

Kazi ya kumweleza mgonjwa isiachiwe daktari wa kliniki ambaye hakuwepo. Yeye atasoma faili, na faili litamwambia dozi. Si rahisi limwambie ni nani aliyekaa kando ya kitanda, au kwa nini usiku ule mikono ilifungwa. Muuguzi aliyekuwepo ndiye ajuaye, naye apangiwe muda wa kulisimulia hilo ndani ya zamu yake, kama anavyopangiwa muda wa kubadilisha bandeji za vidonda.