Kidani cha Bibi Khadija: Ukumbusho na Haki

Alipofariki Prince Albert wa Uingereza mwezi Disemba 1861, mkewe, Malkia Victoria, alibaki katika nguo nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Zama zake ikaenea desturi ya mapambo ya msiba: vidani vya jeti nyeusi ya Whitby, na pete zilizotiwa nywele za marehemu. Sheria yetu inakwenda njia nyingine. Mjane akaapo eda huacha mapambo miezi 4 na siku 10, na kwa asiyekuwa mume, mwanamke hakai hidadi zaidi ya siku 3. Je, ndiyo tumeamrishwa kuwasahau wafu wetu? La hasha.

Bibi Khadija (r.a.) alimpa bintiye Zainab kidani alipoingia nyumbani kwa mumewe, Abul-Aas bin Rabii, mtoto wa Hala, dada yake Khadija. Khadija akafariki yapata miaka 3 kabla ya Hijra. Mwaka wa 2 Hijria, Abul-Aas, akiwa bado hajasilimu, alitekwa katika vita vya Badr. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Zainab alituma mali kumkomboa, na ndani yake kile kidani. Mtume (s.a.w.) alipokiona, moyo wake ulilainika mno.

Ndugu msomaji, tuangalie alichofanya. Hakukirudisha kwa amri yake, kwa kuwa fidia ilikuwa haki ya Waislamu. Aliwaomba Masahaba: wakiona vema, wamwachie Zainab mateka wake na wamrudishie mali yake. Wakaridhia. Abul-Aas naye akaahidi kumwacha Zainab aende Madina, akatimiza, na baadaye akasilimu.

Hapa tuna funzo kwa nyumba zetu. Mama akifariki, hutokea binti mmoja akashika bangili na vidani vyake kwa hoja ya ukumbusho. Huzuni yake tunaiheshimu, lakini vito hivyo ni mirathi: baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, ni vya warithi wote. Anayevitaka awaombe wenzake, au vihesabiwe katika fungu lake. Na akiwemo mrithi mdogo, hakuna wa kusamehe haki ya mtoto huyo.

Ikiwa Mtume (s.a.w.) aliomba ridhaa kwa kidani cha Khadija, sisi ni nani tujichukulie?

Wallahu A'lam.