Jeni ya ALDH2 na saratani ya umio

ALDH2 ni jeni inayouwezesha mwili kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja asetaldehaidi, sumu inayotokana na pombe. Aina yake dhaifu imeenea sana China, Japani na Korea. Dalili yake huonekana mezani: glasi moja ya bia, uso umeiva wekundu na moyo unakwenda mbio.

Wekundu huo si jambo la kuchekwa. Ni ishara ya sumu inayorundikana, na sumu hiyo huharibu DNA.

Aliyerithi nakala mbili dhaifu huugua hata kwa pombe kidogo, hivyo kwa kawaida haigusi. Aliye hatarini zaidi ni mwenye nakala moja: huzoea, huendelea kunywa, na uwezekano wake wa kupata saratani ya umio hupanda mara kadhaa. Anayeiva uso hivyo na aiache pombe.